Mchezaji Kiraka

"Mama Évode, hivi huyu mwanao anacheza namba ngapi?"

Pélagie aliuliza swali hilo mwaka 2004, katika chumba cha kufulia nguo cha jengo lao pale Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm. Walikuwa wameshika shuka moja, huyu pembe za huku na yule pembe za kule, wanaikunja. Lilikuwa swali la heri. Mtu yeyote aliyekulia Bujumbura au Kigoma anajua kwamba mchezaji ana namba yake: namba moja hukaa golini, namba tisa hufunga, na asiye na namba hukaa benchi na kubeba chupa za maji. Lakini Épiphanie alisimama na pembe zake mbili za shuka, akaitazama mashine ikizunguka.

Jumapili iliyofuata, Évode alipopiga simu kutoka Melbourne, mama yake alimuuliza.

"Popote, mama," akasema Évode. "Panapopungua mtu ndipo wananiweka."

Pélagie alipopelekewa jibu hilo alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi hana namba," akasema. Hakusema kwa ubaya. Pélagie alikuwa mtu wa kutoa lililo mdomoni, na wakati huohuo alikuwa mtu wa kwanza kugonga mlango wako na uji ukiwa umelala na homa. Lakini neno lile lilimkaa Épiphanie kooni kama mwiba mdogo wa samaki, ule usiokuzuia kula lakini kila ukimeza unajua upo.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu kueleza. Ulikuwa mpira wa Waaustralia, si huu tunaoujua. Mpira wake una umbo la yai, uwanja ni wa mviringo kama sinia, kila upande una watu kumi na wanane wanaotumia mikono na miguu, na goli ni nguzo nne zisizo na wavu wala kipa. Évode aliujua akiwa na miaka kumi na minane, mwaka mmoja tu baada ya familia kutoka kambi ya wakimbizi ya Kibondo, alipowakuta vijana wa Australia waliokuwa wakifanya kazi Stockholm wanaucheza kwenye nyasi za uwanja wa Gärdet. Walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja. Wakamwita kwa mkono.

Miaka miwili baadaye klabu moja ya Melbourne ilimchukua kumjaribu, ikamwajiri, na akakaa nayo misimu minane. Alicheza nyuma akiwazuia wafungaji. Alicheza pembeni, mahali pa watu wenye mapafu. Alicheza mbele akafunga. Na mrukaji wa katikati, yule mrefu anayegombea mpira hewani, alipovunjika kidole, Évode, ambaye kwa urefu alikuwa wa kawaida tu miongoni mwa wale majitu, ndiye aliyeruka. Siku moja aliwekwa sehemu zote nne katika mchezo mmoja, akarudi chumbani na meno yake mawili kwenye kitambaa.

Mzee Deusdedit, Mtanzania wa Bukoba aliyekuwa katibu wa ushirika wao wa kanisa, wa Waswahili, ndiye aliyempatia Épiphanie neno. Alimwambia kwamba kwao mtu wa namna hiyo anaitwa mchezaji kiraka, na kwamba makocha wanampenda kuliko dhahabu. Épiphanie alilipokea neno hilo akashukuru. Ndivyo alivyokuwa. Lifti ya jengo ikifanya kazi alishukuru, na ikiharibika alishukuru kwamba ana miguu.

Oktoba ya mwaka 2011 Évode alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya mwisho wa msimu. Mkataba wake ulikuwa unaisha na mwezi, na klabu ilikuwa bado haijasema kama itamwongeza au itamwacha. Jambo hilo lilikaa nao mezani kila asubuhi pamoja na chai. Évode alikuwa na miaka ishirini na minane, goti lake la kushoto limepasuliwa mara mbili, na mbali na mpira ule hakuwa na kazi yoyote anayoijua kwa cheti.

Jumanne moja, zamu ya Épiphanie ya kusafisha ofisi kule Kista ilikuwa ya mchana. Évode alikuwa ametoka kukimbia, simu yake ameiacha jikoni ikichajiwa. Ikalia mara ya kwanza, ikalia mara ya pili. Mara ya tatu Épiphanie alifuta mikono akapokea.

Alikuwa meneja wa klabu, mwenyewe, kwa sauti ya upole. Kiingereza cha Épiphanie kilikuwa cha kuhesabika kwa vidole, lakini alisikia mtu anamuuliza kama yeye ndiye mama, anamuuliza hali, anamuuliza baridi. Akamsikia anasema kwamba amemlea mtoto mzuri na ajivunie, kwa neno lilelile la Kiingereza, "proud", ambalo Wakenya wa ushirika hulitumia wakimpa mtu hongera. Mwisho akaomba Évode apige simu akirudi. Épiphanie alisema asante mara nne, akaiweka simu mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Hakuwa na shaka hata punje. Kwao, habari mbaya haiji kwa simu, wala haiji kwa mdomo wa mtu mmoja. Habari mbaya huletwa na watu wawili, wamevaa vizuri, wanabisha hodi kabla ya saa sita mchana, na hawakai mpaka wewe umekaa. Hilo hakusimuliwa. Mwaka 1999, kule Kibondo, wanaume wawili walikuja kwenye nyumba yake ya turubai na mashati yamechomekwa na viatu vimefutwa vumbi, na kabla hawajafungua mdomo alikwisha kujua kwamba mume wake hatarudi. Sasa mkubwa mzima wa klabu, mtu wa kuheshimika, avuke bahari yote hiyo kwa simu kumsalimia mama mtu na kumsifia mwanawe, halafu iwe ni kumfukuza? Mtu hawezi kufanya hivyo. Labda mwendawazimu.

Akampigia Pélagie. Pélagie akasema alijua, aliota. Kabla ya saa tano Pélagie alikuwa amekwisha kumpigia katibu, na katibu akawa amekwisha kuandika: Jumapili, baada ya ibada, shukrani ya Mama Évode kwa mkataba mpya wa kijana wetu. Ukumbi wa ibada kule Vällingby utalipiwa saa mbili za ziada. Watu waje na vyombo vya kubebea.

Évode aliporudi, jasho linamtoka, alimkuta mama yake ameshafunga kitenge kipya. Alimweleza kwa kirefu: bosi amepiga, bosi amesalimia, bosi amesifu. Évode alichukua simu akaingia bafuni akafunga mlango. Meneja alipokea mara moja. Alizungumza kwa adabu sana. Alisema klabu inajengwa upya, kwamba wanataka vijana, na kwamba kocha mpya anataka kila mtu awe na sehemu yake moja anayoijua kuliko wote. Alisema Évode amewaziba matundu miaka minane na hakuna atakayesahau. Halafu akamtakia kila la heri.

Évode alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Upande wa pili wa ukuta mama yake alikuwa akiimba.

Alipotoka alifungua mdomo, na Épiphanie akaufunga kwa kiganja chake chenye harufu ya vitunguu.

"Usiniambie," akasema. "Ushuhuda hauliwi mbichi. Utasema Jumapili mbele ya watu, nami nisikie pamoja nao."

Akamwekea sahani.

Jumatano palikuwa na maombi ya katikati ya wiki. Évode alikwenda kwa sababu hakujua namna ya kutokwenda. Walimweka mstari wa mbele. Baudouin, Mkongo aliyekuwa akipiga gitaa, alimuuliza kwa sauti iliyofika nyuma kama ni miaka miwili au mitatu, akaongeza kwamba ikiwa ni mitatu basi ushirika umepata spika mpya, hizi za zamani zinakohoa kuliko wazee. Watu walicheka. Évode naye alicheka. Mama mmoja alimleta mwanawe apigwe naye picha. Kijana mwingine aliomba jezi, na Évode, ambaye jezi zake zote tisa zilikuwa ndani ya kabati kule Melbourne, kabati ambalo sasa alitakiwa kulifungua mara moja tu na kurudisha ufunguo, alisema ndiyo, atamletea.

Darlène, dada yake wa miaka kumi na tisa, alimtazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa mtoto wa kusoma nyuso. Katika treni ya kurudi, mama yao akiwa amesinzia na Biblia mapajani, alimuuliza kaka yake kwa Kiswidi kama wamemwacha. Évode alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

"Säg det då," akasema Darlène. Mwambie basi.

Évode alimjibu kwa Kiswahili kwamba si rahisi hivyo. Darlène akasema, bado kwa Kiswidi, kwamba ni rahisi hivyo hasa, ni sentensi moja. Kisha aliona mkono wa kaka yake unavyolisugua goti la kushoto, akageukia dirisha.

Alhamisi Évode alikwenda Kista kumpokea mama yake kazini, kwa nia ya kumwambia njiani. Alimkuta kwenye ukumbi wa mapokezi wa ofisi, na kigari chake cha ndoo na matambara, amesimama na mhandisi mmoja wa Kiswidi mwenye kadi shingoni. Épiphanie alikuwa akimwonyesha vidole. Miaka minane. Na mingine inakuja. Miaka sita alikuwa akiiosha sakafu ya yule mhandisi na hawakuwahi kuzidisha salamu, lakini siku ile alikuwa amemsimamisha yeye mwenyewe.

"Min son," mwanangu, akasema, akimvuta Évode kwa mkono wa sweta.

Mhandisi alikuwa mtu mwema. Alimpa Évode mkono, akamuuliza ni mchezo gani, akauliza anacheza sehemu ipi. Kabla Évode hajapata neno, mama yake alijibu kwa Kiswidi chake cha kigari na ndoo, kifua mbele: "Överallt." Kila mahali. Miaka saba alikuwa ameliandaa jibu lile, tangu siku ya shuka, na lilimtoka kama mtu anayelipa kwa noti kubwa. Mhandisi alisema hilo ni jambo la ajabu. Kisha akaangalia saa, akamkumbusha Épiphanie kwa upole kwamba katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu kuna kahawa imemwagika, kama atapata nafasi kabla hajaondoka.

Évode aliipanda ngazi ile mwenyewe akaifuta kahawa. Mama yake alimlalamikia kwamba mikono ile si ya kufuta meza za watu. Njiani hawakuzungumza habari ya mkataba. Épiphanie alikuwa akipanga maharagwe, ndizi, na nyama kilo kumi na mbili.

Ijumaa Évode alipanda treni hadi Vällingby, nyumbani kwa mzee Deusdedit. Mzee alikuwa na mke wake Leokadia, wanabandua maganda ya ndizi juu ya gazeti kwa ajili ya Jumapili. Walimkaribisha chai, wakamwita bwana harusi. Évode hakukaa.

"Mzee," akasema, "wameniacha."

Leokadia aliweka kisu chini. Mzee Deusdedit alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza tangu lini. Alipoambiwa tangu Jumanne alihesabu siku kwa vidole, akaona kwamba kila tangazo alilolitoa kwa mdomo wake lilikuwa la mkataba usiokuwepo.

"Na mama hujamwambia."

"Hajaniruhusu. Na mimi, mzee, sijui kumwambia." Évode alitazama maganda ya ndizi. "Baba alipofariki walikuja watu wawili. Walivaa vizuri, wakamkalisha, wakamwambia polepole. Mama mpaka leo anawasifu watu wale. Anasema walimheshimu. Mimi sitaki asikie kwangu, jikoni, kama habari ya mvua. Nataka aheshimiwe. Nawaomba ninyi."

Alikuwa ameondoka kwa mama yake akiwa na miaka ishirini, na alichobaki nacho cha desturi za kwao kilikuwa kile mtoto anachokikumbuka: mashati, viatu, sauti za chini. Hakukumbuka, au hakuwahi kujua, kwamba wageni wa namna ile hawatumwi kwa kila jambo. Mzee Deusdedit naye alikuwa mtu wa Bukoba. Kwao pia jambo zito hupelekwa na wazee, iwe posa, ugomvi wa mipaka, au msiba. Kwake yote hayo yalikuwa na suti moja. Leokadia ndiye aliyesita kidogo. Aliuliza kama haingekuwa bora waende kama kawaida, na kilemba chake cha kila siku, wakiwa wanapeleka ndizi. Mume wake alisema hapana, kijana ameomba heshima, na heshima ina nguo zake.

Walikubaliana Jumamosi, saa nne asubuhi. Évode angetoka nyumbani mapema, akawasubiri wamalize, kwenye benchi la nje ya kituo cha treni.

Jumamosi asubuhi nyumba ilijaa mvuke. Maharagwe yalikuwa yakichemka tangu alfajiri, nyama imekatwakatwa na kulala katika ndimu, na Pélagie alikuwa ameahidi kuleta lile sufuria lake kubwa la harusi. Darlène alikuwa kazini dukani. Évode alitoka saa tatu na nusu, amevaa sweta jepesi, koti lake la manyoya ameliacha kwenye msumari. Mama yake alimpigia kelele kutoka jikoni kwamba nje kuna barafu. Hakusikia, au alijifanya.

Saa nne kengele ya mlango ililia. Épiphanie alikwenda kufungua na mwiko mkononi, akidhani ni Pélagie.

Mlangoni walisimama watu wawili. Mzee Deusdedit alikuwa na suti nyeusi na tai, viatu vinang'aa, kofia ameivua ameishika kifuani. Leokadia alikuwa na koti refu jeusi, na alikuwa anatazama chini. Hawakutabasamu. Mzee alisema hodi ingawa mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema:

"Mama, tunaomba ukae."

Épiphanie alikaa. Hakutafuta kiti. Alikaa palepale sakafuni kwenye korido, kati ya viatu, akaufungua mkaja wa kitenge chake kama ambavyo wanawake wa kwao hufanya saa hiyo ikifika. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko uso wa mtu yeyote aliyekuwepo.

"Nina wawili," akasema. "Niambieni ni nani."

Leokadia alielewa kwanza. Alipiga magoti, akamshika mabega, akaanza kusema sivyo, mama, sivyo, lakini Épiphanie alikuwa akimtazama mzee, maana anayesema ni yule mwenye kofia. Na mzee Deusdedit, aliyekuwa ameandaa maneno yake ndani ya treni tangu Vällingby, yenye utangulizi na mstari wa Zaburi, aliyaruka yote.

"Ni Évode," akasema, na alipoona macho yanafumba akaharakisha, "hapana, mzima, Évode mzima. Ni mkataba. Klabu imemwacha. Hawakumwongeza. Basi. Ni hilo tu."

Jikoni maharagwe yalikuwa yakitokota.

"Anapumua?" akauliza Épiphanie.

"Anapumua, mama."

"Miguu anayo?"

"Yote miwili. Amekaa pale kituoni, anasubiri tumalize."

"Na Darlène?"

"Yuko kazini kwake. Hana habari hata ya sisi kuja."

Épiphanie aliwatazama kwa zamu, kutoka viatu hadi tai, kutoka tai hadi koti.

"Sasa mbona mmevaa hivi?"

Mzee Deusdedit alijitazama. Leokadia ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, na Épiphanie akamfuata. Walicheka wameshikana sakafuni mpaka Épiphanie akawa analia, na kilio chenyewe kikawa kirefu, kikapita mkataba, kikafika Kibondo, kikarudi. Mzee alisimama hajui pa kuiweka kofia. Aliomba radhi mara mbili. Alieleza jinsi kijana alivyotaka mama yake aheshimiwe, na jinsi alivyokumbuka wale wanaume wawili. Épiphanie alipolisikia hilo alifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Alipoufunua alikuwa tayari anashukuru. Aliongea na Mungu kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Alimshukuru kwa kuwa dakika moja iliyopita hakuwa na hakika ya mtoto hata mmoja, na sasa anao wawili. Alisema Mungu amempa leo tena kile alichokwisha kumpa, na ni nani mwingine hupewa mara mbili.

Mzee alikohoa. Alikuwa katibu, na kulikuwa na jambo la kesho. Aliuliza kwa uangalifu kama awapigie watu simu kuahirisha. Ukumbi wangeweza kuurudisha. Watu wangeelewa.

"Ahirisha nini?" akasema Épiphanie.

"Shukrani, mama. Tulitangaza ya mkataba."

"Basi tangaza vizuri. Alikwenda mtoto, amerudi mtu mzima mwenye goti bovu. Miaka minane hakuwahi kukosa kupiga simu Jumapili. Nyama ipo. Mwanangu amerudi nyumbani, nisishukuru? Mnataka nishukuru siku gani?"

Leokadia alifuta macho. Alisema, kwa kuwa alifikiri mama ana haki ya kujua yote, kwamba, kama kijana alivyowaeleza, klabu haikuona kosa kwake. Wanataka tu watu wa sehemu moja moja, na yeye alikuwa wa kila sehemu. Épiphanie alitikisa kichwa polepole. Mwiba wa zamani uligusa koo.

Hapo ndipo Pélagie alipotokea, bila hodi, sufuria kubwa la harusi limemfunika kuanzia kiuno hadi kidevu. Alimkuta jirani yake sakafuni, mzee wa Bukoba na suti ya mazishi, na Leokadia na macho mekundu. Sufuria lilimponyoka likagonga ukuta. Leokadia aliwahi kumweleza kabla hajapiga ukelele: hakuna msiba, ni klabu tu, wamemwacha Évode.

Pélagie alivuta pumzi. Akaegemea mlango. Alikuwa mtu wa kutoa lililo mdomoni.

"Kwa hiyo sasa hana namba kabisa," akasema.

Mzee Deusdedit alifunga macho. Kutoka jikoni ilianza kuja harufu ya maharagwe yanayoshika chini ya sufuria.

Épiphanie aliinuka, mkono mmoja ukutani, goti moja kisha jingine. Alifunga kitenge chake vizuri. Alimtazama Pélagie, na hapakuwa na hasira usoni pake. Alikuwa kama mtu anayepima kama nguo itamtosha mwenzake. Kisha akamshika mkono wa kulia, akamfungua vidole, akamwekea mwiko, akamgeuza kwa mabega kuelekea jikoni. Pélagie alikwenda. Mfuniko ulisikika ukifunuliwa, na mwiko ukaanza kukoroga.

Wageni walikuwa hawajapewa hata maji. Katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kutokea. Épiphanie aliingiza miguu kwenye viatu vya Darlène vilivyokuwa karibu, akalitoa kwenye msumari koti la manyoya la Évode, akalikunja juu ya mkono wake, akatoka kuelekea kituoni.